Lori la Kamisheni Laingia Kwenye Tivii

Usijifanye hujui. Msimu mpya wa *Bendera ya Mheshimiwa* ulipoanza ulikuwa umekaa mbele ya tivii, kikombe mkononi, na ilipofika ile sehemu ya lori ukamwangalia mtoto, ukaangalia dirisha, ukaangalia kila kitu isipokuwa kioo. Kesho yake ukawaambia wenzako kwamba waigizaji wa safari hii wameiva. Mmoja wa wale waigizaji hakuwa anaigiza. Anaitwa Wangu, na wewe unamjua vizuri sana.

Msimu wa kwanza, mwaka wa 2007, Wangu aliutazama kwa jirani yake Jepkoech, kule juu ya Molo, kwenye tivii ndogo iliyokuwa ikitumia betri ya gari. Jumapili jioni walijazana humo na waume zao, baridi ikipiga mabati, wakimcheka Mheshimiwa wa kwenye mchezo anayegawa unga huku anapima watu kwa macho kama ng'ombe wa mnada. Mburu, mume wa Wangu, alikuwa akimjibu kana kwamba amesimama mbele yake.

"Wewe mzee, hiyo barabara ulituahidi tangu lini?"

"Baba Nyakio, huyo hakusikii," Jepkoech alimwambia.

"Na yule wetu wa ukweli ananisikia?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Ndivyo walivyokaa watu hao wa makabila mawili kabla ya kura ya Desemba, na anayekuambia walikuwa maadui tangu zamani, muulize alikuwa anatafuta nini alipoanza kukuambia hivyo.

Sasa elewa jambo moja kuhusu viazi. Kule juu lori haliingii kwenye shamba la mtu, matope yatalimeza. Linasimama barabarani, dereva anapiga honi, na kila lori lina mlio wake. Kuna linalolia kama ng'ombe aliyepoteza ndama. Kuna linalopiga mbili fupi. La Kamisheni lilipiga moja ndefu, likanyamaza kama limesahau, halafu likamalizia na tatu za haraka. Ukiisikia, unaacha sufuria motoni, unajitwika gunia na kupanda mlima, kwa sababu wa nyuma anakuta lori limejaa. Kamisheni ni jina alilobatizwa na wakulima. Alikuwa broka, dalali wa viazi, alikuwa mwenye lori, na mwaka huo aligombea udiwani pia. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna kilichopita mbele yake bila yeye kumega, hata salamu.

Kura zikatangazwa, ghasia zikaanza, barabara zikafungwa, viazi vikaanza kuota stoo. Wangu na Mburu walikuwa wanaviangalia tu. Halafu asubuhi moja honi ikalia. Moja ndefu, kimya, tatu za haraka.

Watu wakafanya walichozoea kufanya. Walitoka na magunia mgongoni wakipanda barabarani, na Mburu alikuwa mbele. Turubai lilipofunguliwa hapakuwa na wapakiaji ndani. Palikuwa na vijana wageni, na mapanga, na mitungi ya petroli. Mtu aliyejipinda chini ya gunia la viazi haoni mbele, na hata akiona hawezi kukimbia.

Wangu alikuwa bado yuko chini nyumbani, hajaanza kupanda. Jepkoech alimvuta kwa leso aliyojifunga, akamsukuma kwenye kibanda cha ndama, akakaa mlangoni akikamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa. Vijana walipita wakamsalimia kwa lugha yake, akaitikia. Jioni ndipo walipomkuta Mburu, gunia bado likiwa juu yake.

Kufikia katikati ya mwaka wa 2008 Wangu alikuwa anaishi kwenye hema pale Nakuru, na kila alikoenda kusema habari za lori aliambiwa angoje. Alitaka kitu kimoja tu: jina la mwenye lori litajwe mahali ambapo watu watalisikia. Ndipo akaja Jamleck, kijana wa Nairobi aliyekuwa akiongoza ule mchezo wa tivii, anatafuta watu wa msimu wa pili.

"Hii season hatuogopi mtu, mathe," alisema. "Tutaonyesha wenye walileta vijana na lori. Nataka sura za ukweli."

Kwa sababu ya hayo maneno Wangu alikubali.

Waliochaguliwa walipelekwa kwenye uwanja nyuma ya mtaa wa Free Area, palipojengwa kijiji cha mabati na makaratasi. Wengi walikuwa wametoka kwingine; wa mlima wa Wangu alikuwa yeye peke yake. Aliyekaa karibu naye aliitwa Namalwa, wa Kihoto kule Naivasha. Nyumba ya Namalwa ilichomwa na watu waliosema wanalipiza kisasi cha watu kama Wangu. Wiki ya kwanza kule kambini kwenye mahema hawa wawili hawakusalimiana. Ya pili waliazimana chumvi. Halafu siku moja Namalwa akasema hata Kihoto vijana hawakuja kwa miguu, waliletwa, na tangu hapo wakawa wanakula sahani moja.

"Ni simple," Jamleck aliwaeleza. "Lori inakuja, mnashtuka, mnakimbia."

"Tukimbilie wapi, boss?" Namalwa akauliza.

"Nyuma ya camera."

"Ona sasa. Januari hakuna mtu alituambia kuna nyuma ya camera."

Watu walicheka, Wangu pia. Lori likazunguka kona. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu, na Wangu hakulitambua kwa macho. Dereva akapiga honi kama alivyozoea. Moja ndefu. Kimya. Tatu za haraka.

Wenzake walikimbia kama walivyoambiwa. Wangu alijipinda, mikono ikapapasa nyuma kutafuta gunia, miguu ikaanza kupanda kuelekea kwenye lori. Alikuwa amefika karibu na bodi ya lori ndipo alipojishika.

"Mathe, unaenda wapi?" Jamleck alipiga kelele. "Tulisema ukimbie."

"Hii lori ni ya nani?"

"Ya boss fulani wa viazi. Ametusaidia tu, anapenda show."

"Anaitwa Kamisheni," Wangu alisema. "Na lori yake ilikuja kwetu asubuhi ikatuita."

Mwenye kamera hakuzima. Wangu akaeleza yote mbele ya kamera, polepole, jina la mumewe, jina la mwenye lori, jinsi honi ilivyolia na watu walivyotoka. Dereva alishuka, akaenda pembeni na simu. Jamleck alikuwa ameshika kichwa.

"Hii inaingia vile iko," alisema. "Sikati hata neno."

Siku ya kipindi hicho kuonyeshwa, Wangu na Namalwa walisimama nje ya duka la Jaydeep mjini, anayeuza tivii na redio na kuziwasha kwenye dirisha. Jaydeep alimtambua Wangu kwa picha za tangazo, akawaambia watu wampishe mama.

Lori likaja. Wanawake wakakimbia. Kisha uso wa Wangu ukajaza kioo, midomo inatembea, na juu yake gitaa la huzuni, hakuna neno. Baada yake Mheshimiwa wa mchezo akapanda mche wa mti pamoja na majirani wawili waliokumbatiana. Mwisho majina ya walioshukuriwa yakapanda, na jina la Kamisheni lilikuwamo, lile la kwenye kitambulisho.

"Volume iko mwisho, mama," Jaydeep alisema. Alikuwa ameona haya.

"Wamekutia wimbo mdomoni," Namalwa akasema.

Wangu hakulia. Alienda moja kwa moja kwa Nasim, wakili anayesaidia watu wa kambi bila malipo. Nasim alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini Kamisheni atasema honi ni honi. Niletee mtu mwingine mmoja wa mlima huo, mwenye alisikia hiyo asubuhi, niwapeleke mbele ya tume inayosikiliza ushahidi wa ghasia."

Wangu akampigia Jepkoech simu.

"Nilisikia," Jepkoech alisema. "Wangu, nilisikia vizuri. Lakini wewe uko huko, mimi nalala huku, na Kamisheni anapita hapa kila siku ya soko. Nikienda peke yangu hawataacha nyumba yangu imesimama."

"Sikulazimishi."

"Ngoja nimalize. Kukiwa na mtu mwingine wa kupanda gari na mimi, mmoja tu, nitakuja. Wawili hawawezi kuambiwa ni wazimu."

Huyo mmoja ni wewe. Ulikuwa na gunia mgongoni asubuhi ile. Ulikuwa nyuma kidogo, ukaona turubai linafunguka, ukalitupa kwenye mtaro ukarudi nyumbani ukafunga mlango, na hakuna anayekulaumu kwa kukimbia. Unalaumiwa kwa kunyamaza mpaka leo, huku unamuuzia Kamisheni viazi. Na kama wewe si wa mlima ule, kuna lori uliloliona Kihoto au kwenu, na kuna mtu anayengoja useme.

Wanaosikiliza ushahidi wanaondoka Nakuru wiki hii. Usingoje kuitwa. Vaa viatu sasa hivi, shuka kwa Jepkoech, bisha hodi, mwambie, "Mama, hata mimi nilisikia. Twende."