Mpira Uliokawia Kushuka

Agosti ya 1887, mjini Zanesville, Ohio, Lucius Pettiford aliingia uwanjani mikono mitupu, kama baadhi ya wadakaji wa nyuma ya mpigaji walivyocheza besiboli zama hizo, vidole vimepinda kama tangawizi. Asubuhi hiyo matajiri wa timu zote walikuwa wamekubaliana kwamba wachezaji weusi kama yeye waondolewe. Nahodha Hennessey alimwambia bila kumtazama, "Mchezo ukiisha tu, ndugu yangu. Si mimi, ni wakubwa."

Mpigaji wa mwisho akaupiga mpira juu. Haukushuka.

Mwamuzi Krauss alingoja, akanywa maji, akaamua: mpira ulio hewani haujafa, basi mchezo haujaisha. Na mchezo usipoisha, mchezaji hafukuzwi. Mpigaji alizunguka vituo vyote, akaenda kwao, akaoa.

Lucius akabaki amesimama, kazi anayo. Mkewe, Zerelda, alimletea mkate wa mahindi na maharage, na theluji ilipoanza akamletea koti. Mechi nyingine zilichezwa hapohapo; vijana wapya, wote weupe, walimkwepa kama kisiki.

"Lucius, umeota mizizi?" mashabiki walimtania.

"Heri mizizi kuliko kung'olewa."

Kila jioni Zerelda alimsihi, "Mpira ukishuka usiudake, mume wangu. Ukiudaka, mchezo umekwisha na sisi tumekwisha. Uache uanguke, aje mpigaji mwingine, mchezo uendelee."

"Nimekuahidi, mama."

Mpira ulirudi mwaka wa tatu, Jumamosi ya manyunyu. Lucius aliuona kabla ya wote, na ahadi aliikumbuka. Inaniuma kulisema hili. Alirudi nyuma kidogo, akakadiria upepo, mikono ikafunguka. Mpira ukatua humo, wa baridi, umelowa umande.

Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Krauss akainua mkono: mpigaji ametoka, mchezo umeisha.

"Sijaona udakaji safi kama huu," alisema Hennessey, machozi yakimlenga. Kisha akauchukua mpira, maana ni mali ya timu.

Zerelda alimvisha koti. "Na ahadi yetu?"

"Mikono nilisahau kuiambia."

Hakumgombeza. Hennessey aliwasindikiza hadi lango dogo, akamshukuru Lucius kwa dhati, akamshika mkono kwa muda mrefu. Walipotoka, akafunga komeo.