Viatu Mlangoni pa Sikio

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya sikio la Tumsifu, mwenzangu wa chumba hapa bwenini. Sikio lilikuwa na mlango wa mninga, kitasa cha shaba na zulia dogo la kufutia miguu. Hayo hayakunishangaza. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa siku tatu Tumsifu hakuwa amenisemesha. Nilijitolea kumpigia pasi kanga aliyoachiwa na marehemu mama yake, nikaiunguza katikati. Nikamwandikia kurasa nne za kuomba radhi. Akazirudisha mezani bila kuzisoma.

Sasa, humo ndotoni, Ujumbe wangu yuko kando yangu: bwana mnene mwenye suti na tai nne, moja kwa kila ukurasa. Mlangoni ameketi Kelele, mama wa makamo, anatwanga kwenye kinu kitupu.

"Shikamoo, mama," nasema. "Tunaomba ukimya kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Ukimya ni zamu ya mwenzangu. Anaingia Alhamisi."

Ujumbe akapaza sauti. "Hodi! Kwa kuzingatia muktadha wa tukio husika na athari zake kisaikolojia..."

"Nani?" likauliza sikio.

"...baina ya pande mbili zinazohusika..."

"Hatumjui huyo."

Ghafla tuko ukumbi wa mihadhara, na mlango wa sikio uko pale pale, chini ya ubao. Ubaoni pamechorwa mchoro wa mawasiliano. Mshale unaotoka kwa mpokeaji kurudi kwa mtumaji ukashuka, ukajipangusa chaki.

"Mimi ni Mrejesho," ukasema. "Siku ya tatu leo nakaa bila kazi. Huyu bwana amevaa nini?"

"Istilahi," nikajibu, kwa fahari kidogo.

"Mvue. Hodi ni tatu, na moja mmeshaipoteza."

Tukamvua tai zote, kisha koti la "hata hivyo". Kila vazi lilipotoka alipungua. Ilipofika zamu ya fulana ya "sikukusudia", akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Hii niachieni, dada," akanisihi. "Nitaona baridi."

Nami nilitaka abaki nayo. Kusema kweli, niliipenda kuliko tai zote.

"Basi rudini nayo nyumbani," ukasema Mrejesho.

Nikaivuta. Akabaki mdogo kama kidole, mwenye kaptura na viatu.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Nimeunguza kanga ya mama yako. Nisamehe."

Mchi wa Kelele ukasimama hewani. Mlango ukafunguka kidogo.

"Viatu vibaki nje," likasema sikio.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Tumsifu ameketi kitandani, anajikuna sikio.

"We Mwanaidi," akasema, neno la kwanza tangu Jumatatu, "ulikuwa unasemaje?"

Nikamwambia, kwa maneno yale yale machache. Akasogea kunipisha nikae.

Juu ya mto wake palikuwa na viatu viwili vyeusi, kila kimoja kama punje ya kunde. Mwenyewe alikuwa bado hajatoka sikioni.