Doa la Unyayoni

Mimi ni fundi cherehani, na mashine yangu naikanyaga kwa mguu wa kulia, peku. Doa jeusi lilipotokea unyayoni nikasema ni mafuta ya mashine hayo. Miezi saba nalisugua kwa mafuta ya taa, jamani! Aliyenishtua ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mimi naye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Siku moja nimejinyoosha kwenye kochi, akaudaka mguu wangu.

"Wifi, mafuta gani haya yanakua?"

"Yanakuhusu nini?"

"Yananihusu. Vaa viatu, twende hospitali."

Nilimnunia njia nzima.

Huko wakakata kipande kidogo cha doa, wakakipima. Saratani ya ngozi. Fundi bila mguu atakula nini? Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu, akanieleza bila haraka. Ingekuwa imeshafika kwenye matezi ya kinenani, tungezungumzia dawa za kuamsha kinga ya mwili, pengine na mionzi.

"Yako bado iko juu juu, mama. Tunaikata, tunaziba kwa ngozi ya paja."

"Mguu utabaki?"

"Utabaki."

Akachukua kalamu, akachora duara kulizunguka doa, mbali kabisa na kingo zake. Nikaruka. "Mbona unanimaliza? Kata hapo hapo kwenye doa!"

Wifi akanitazama. "Wewe kitambaa unakikata hapo hapo kwenye chaki?"

Miaka ishirini nakata nikiacha nafasi ya mshono. "Haya, daktari," nikasema, "acha nafasi."

Wiki nane baada ya upasuaji sikukanyaga chochote. Kila asubuhi wifi alikuja, akakaa ubavuni mwangu: yeye anakanyaga, mimi naongoza kitambaa.

"Polepole! Unakimbizwa na nani?"

"Na mdomo wako."

Majibu ya kipande kilichokatwa yalipotoka, kingo zake zote zilikuwa safi, bila saratani. Nililia mpaka daktari akanipa kitambaa chake.

Nguo ya kwanza niliyoshona kwa mguu wangu mwenyewe ilikuwa gauni la wifi. Akalijaribu, akakunja uso: kwapani panabana, pindo limepanda. Nikapiga magoti kulipima, na hapo hapo chini nikamwambia, "Asante, wifi. Mguu huu ni wako."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni jipya.

"Basi ukanyage," akasema. "Gauni langu nalitaka leo."