Vibuyu Viwili Kwenye Pikapu ya Chandulal

Silvano alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotaka kumkosesha kazi.

Alikuwa dereva wa Bwana Chandulal, mwenye duka la taa, nguo na samli karibu na stesheni ya Dodoma. Pikapu aliyoiendesha ilikuwa kuukuu, ilinunuliwa mnadani kule Kongwa, Waingereza walipochoka kulima karanga zao wakaanza kuuza vyuma vyao. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Ya sasa ilikuwa vumbi. Chandulal mwenyewe hakujua kuendesha. Akipanda, alishika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho, kwa hiyo alipanda mara chache, na gari likawa kama la Silvano.

Kila Jumamosi Silvano alikwenda Zuzu kukusanya samli ya akina mama, pamoja na mkewe Raheli. Wakati wa kurudi mjini walimchukua Loisi, mama yake Raheli, aje kuuza maziwa na kulala kwa binti yake kule Chang'ombe. Loisi alikuwa mjane, na zaidi ya Raheli hakuwa na mtoto mwingine.

Basi, mkwe na mama mkwe katika watu wa huko hawatazamani usoni. Hawaketi benchi moja, hawali chungu kimoja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Silvano aliishika desturi hii kuliko hata wazee walioianzisha. Akimwona Loisi anakuja, aligeuka akatazama milima, akasema, "Mbukwenyi," kama anayeisalimu milima yenyewe. Loisi naye alijivuta khanga usoni, akamwitikia mgongo wake.

Pikapu ilikuwa na benchi moja tu mbele. Hivyo Raheli alikaa mbele na mumewe, na Loisi alikaa nyuma na mizigo. Hakukaa karibu na kichwa cha gari, maana pale kulikuwa na kidirisha, na kupitia kidirisha angeiona shingo ya mkwe. Hakukaa mwisho kabisa, maana barabara ilikuwa na makorongo, nayo ingemmwaga. Alikaa katikati, juu ya gunia, kwenye ubao uleule kila Jumamosi. Alikuwa ameuzoea kama kigoda chake cha jikoni.

Mvua zilipokwisha, gari likaanza ugonjwa.

Likiondoka polepole lilikuwa zima. Lakini Silvano akikanyaga mafuta ili lipande au likimbie, lilitetemeka lote kama mzee aliyeogeshwa maji ya alfajiri. Akiinua mguu, likatulia. Akikanyaga tena, likaanza tena. Fimbo ya gea ilimcheza mkononi, kioo cha mbele kikalia, na meno ya Raheli yakagongana asiweze kuzungumza, jambo ambalo Silvano, kusema kweli, hakulilalamikia sana.

Kwa kuwa aliyaona hayo yote mbele, Silvano akasema ugonjwa uko mbele. Akasafisha plagi. Akafungua kabureta na kuipuliza. Akakata raba mpya za kukalia injini kutoka kwenye tairi bovu. Injini ikawa safi kuliko sufuria za Raheli, na Raheli akamwambia hivyo, wala hakucheka. Gari likatetemeka vilevile.

Chandulal angevumilia, maana kutetemeka kwenyewe alikuwa hakuoni. Alichokiona ni vioo vya taa. Alipeleka makasha ya vioo vya chemni kwa wenye maduka wa Kondoa, na makasha yakarudi na malalamiko.

"Silvano," alisema, akilitikisa kasha lililolia kama kayamba, "mimi nilikupa vioo. Wewe umepeleka Kondoa changarawe. Changarawe wanayo."

"Ni gari, Bwana Chandulal. Nautafuta ugonjwa wake."

"Tafuta upesi. Alhamisi ya wiki ya pili kuna makasha mengine. Yakifika mazima, tunaendelea. Yakifika changarawe, nauza gari kwa wenye kutaka vyuma, na mimi na wewe tunaagana kwa wema."

Silvano hakuwa mtu wa kulia. Alirudi nyumbani akamwambia Raheli kwamba kazi ikiisha, ataandikisha jina aende mashamba ya mkonge, kule Tanga, na yeye Raheli atafuatana naye. Raheli akamwambia mama yake. Loisi aliwajua waliokwenda mkonge. Wengine walirudi. Wengine walituma salamu mwaka wa kwanza, halafu salamu nazo zikachoka njiani.

Na kilichomuuma Loisi zaidi ni hiki: yeye alijua ugonjwa wa gari uko wapi.

Alijua kwa sababu alikuwa ameukalia. Mizigo iliyoegemea kichwa cha gari ilitulia. Mikebe ya samli kule mwisho ilitikisika kidogo tu. Lakini ule ubao wake wa katikati! Silvano akikanyaga mafuta, kitu chini ya ubao huo kiligonga kama mtu anayepiga hodi, na kila hodi ilifika mahali ambapo mwanamke mwenye heshima hapataji mbele ya mkwe.

Shida ikawa hapo. Ungemwambiaje?

Alijaribu kwanza kwa shemeji yake Bartolomayo, ndugu wa marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Huyo alikuwa haachi utani hata kanisani.

"Shemeji," alisema Bartolomayo, "gari la mkwe wako nimelisikia tangu lilipokuwa mbali. Nilidhani ni wewe unakoroma."

"Mimi nikikoroma treni husimama, ikidhani ni nyingine inakuja. Nisikilize. Kuna kitu kinagonga chini yangu, katikati. Si mbele."

Bartolomayo akaweka nyundo chini. "Chini yako wapi hasa?"

"Unajua wapi."

"Aa. Nimwambie Silvano?"

Loisi akamtazama usoni, akaiona furaha iliyokuwa ikimjaa taratibu. "Hapana, bwana. Wewe ukimwambia, kesho stesheni nzima itajua makalio yangu yanapigwa ngoma. Niachie."

Akamwendea Raheli. Raheli alisikiliza, akafunika mdomo.

"Mama, nitamwambiaje? Akilisikia hilo hatapanda gari tena. Atakuwa anatembea kando yake."

"Mwambie kwa adabu."

Basi Raheli akalipamba neno kwa adabu mpaka halikubaki na kitu ndani. Alimwambia mumewe, "Mama anasema shida iko nyuma." Nyuma ya gari, kwa dereva yeyote, kuna matairi. Silvano akapiga jeki, akayafungua matairi ya nyuma, akayapeleka mbele, ya mbele akayaleta nyuma, akakaza nati zote mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akakanyaga mafuta. Gari likatetemeka, ila sasa kwa matairi yaliyobadilishana.

"Mwambie mama nimetengeneza nyuma," alisema, na mama mwenyewe alikuwa hatua chache, uso ndani ya khanga. "Mwambie asante."

Loisi alirudi Zuzu akifikiri. Alikuwa mtu wa kusuka maziwa, na mtu wa kusuka maziwa hujifunza kungoja: unakitikisa kibuyu, unakitikisa, unaona kama hakuna kitu, kumbe ndani siagi inajikusanya.

Jumamosi iliyofuata, hii ikiwa ndiyo ya mwisho kabla ya safari ya Kondoa, alichukua vibuyu viwili vilivyolingana kama pacha. Akavisafisha kwa kijinga cha moto kama kawaida, akavijaza maziwa mgando ya chungu kimoja. Pikapu ilipofika, akapanda. Kimoja akakifunga kwa kamba kwenye kichwa cha gari, akigeuza uso kando asiione ile shingo. Cha pili akakiketisha kwenye ubao wake, mahali pake hasa, akakizungushia magunia kisianguke. Yeye mwenyewe akahamia pembeni, akashika ukingo kwa mikono miwili, na safari nzima akajiombea asimwagike.

Silvano hakuona lolote. Alikanyaga mafuta, gari likatetemeka, akainua mguu, likatulia, mpaka Chang'ombe.

Walipofika, Loisi alishuka na vibuyu vyake. Silvano akageukia ukuta wa jirani.

"Raheli," alisema Loisi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko ng'ambo ya barabara, "mumeo amefanya kazi njaa inamuuma. Mpe maziwa. Mpe ya vibuyu vyote viwili."

Raheli akamimina cha kwanza. Yakatoka maziwa mgando, mazuri, mazito. Silvano akanywa, akiwa bado anautazama ukuta, akasema, "Mwambie mama ni matamu."

Raheli akamimina cha pili. Yakatoka maji meupe mepesi, kisha kitu kikaziba mdomo wa kibuyu. Raheli akakitikisa. Donge la siagi likadondoka ndani ya bakuli.

"Mama, hiki ulikisuka?"

"Mimi? Nilikuwa nimeshika gari kwa mikono yote nisife. Ningekisuka kwa meno?"

Silvano akalitazama bakuli. Alikuwa mtoto wa wafugaji; alijua siagi haitoki bila mkono. "Muulize mama vibuyu hivi vilikaa wapi."

"Mwambie hicho cha maziwa kilikuwa kwenye kichwa cha gari," Loisi alimwambia Raheli. "Na hiki cha siagi kilikaa katikati."

"Katikati wapi?" Silvano aliuuliza ukuta.

"Mwambie," alisema Loisi taratibu, "pale ninapokaa siku zote."

Raheli aliikazia macho siagi. Silvano aliukazia macho ukuta, na masikio yake, ambayo Loisi aliyaona kwa nyuma, yakaiva kama nyanya. Aliweka bakuli chini, akachukua gunia kuukuu, akalala chali na kuingia chini ya pikapu, na Loisi akaona miguu tu ikijisukuma kuelekea katikati.

Chini ya gari hupita shafti, mti wa chuma unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Ya pikapu ile ilikuwa ya vipande viwili, vimeungwa katikati kwa krosi, chuma kidogo chenye umbo la msalaba. Silvano akaushika ule mti kwa mikono yake na kuuzungusha huku na huku. Krosi ikalia: ko, ko. Ilikuwa imelika upande mmoja, inacheza kama jino la mtoto.

Akatoka, uso wote vumbi jekundu, akajisahau, nusura awageukie, kisha akakumbuka, akageukia ukuta.

"Raheli, mwambie mama nimeiona. Nikikanyaga mafuta, injini inausokota mti kwa nguvu, na krosi imelegea, basi mti unarukaruka pale. Nikiinua mguu hausokotwi, unatulia. Mtetemo unapita kwenye chuma mpaka mkononi kwangu, na mimi nikadhani umezaliwa mbele. Mwambie nimesafisha injini bure."

"Mwambie injini haikuwa bure," alisema Loisi. "Ilikuwa chafu."

Jumatatu Chandulal akapata krosi nzima kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya gereji moja ya mjini, na Silvano akaifunga. Loisi hakurudi Zuzu wiki hiyo. Alhamisi alfajiri pikapu ikaondoka na makasha ya vioo, na yeye akabaki Chang'ombe kwa binti yake, akipepeta mtama uliokwisha pepetwa. Kila Raheli alipotoka kwenda dukani, Loisi alimtazama mgongo, akiuona mgongo huo unapanda treni ya Tanga.

"Mama, umekwisha kuwa safi," alisema Raheli.

"Nausafisha unga zaidi."

"Huo bado ni mtama, mama."

"Basi niache na mtama wangu."

Ijumaa jioni walilisikia gari kabla hawajaliona. Kuna mahali barabara inapanda kidogo kuingia Chang'ombe, na hapo siku zote ndipo lilipoanza kutetemeka. Loisi akashika ungo, akasikiliza. Sauti ikapanda, ikakaza, ikapita, laini kama mtu anayevuta pumzi. Ungo ukamponyoka.

Silvano alisimama nje ya mlango, kisogo kwao.

"Raheli, mwambie mama vioo vimefika. Vyote, ila kimoja."

"Kimoja kimefanyaje?" aliuliza Raheli.

"Nilikidondosha mimi mwenyewe, tukivihesabu. Nilifurahi mapema."

"Na Bwana Chandulal?"

"Amesema kimoja ni haki yangu, vile vingine nilivivunja kwa gari, hiki nimekivunja kwa mkono. Amesema wiki ijayo tunapeleka sahani."

Raheli akakaa chini pale pale mlangoni. Loisi alikuwa akiokota mtama punje kwa punje, na ilimchukua muda kuinua uso.

Jumamosi wakampeleka Zuzu, na wiki iliyofuata wakamchukua tena. Alipanda nyuma, akaketi kwenye ubao wake, akakiweka kibuyu kimoja cha maziwa mapajani. Silvano akakanyaga mafuta. Gari likapanda, likakimbia, na chini ya ubao hakuna aliyepiga hodi. Loisi alikaa wima kama yuko kanisani. Walipofika Chang'ombe akafungua kibuyu, akachungulia. Maziwa mgando, kama alivyoyatia.

"Raheli," aliita, "mwambie mumeo gari limepona kabisa."

"Amesikia, mama."

"Tena mwambie amenipa hasara. Lile gari lilikuwa msukaji mzuri kuliko wewe. Sasa siagi yake ya Jumapili atakuja kuisuka mwenyewe."

Silvano alikuwa upande wa pili wa pikapu, ameitazama milima kwa adabu zake zote. Hakugeuka. Lakini mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na safari hii hakuna aliyekwenda kutafuta spana.