Mafundo Kumi na Mawili

Timu ya watoto ya mtaa wa Waswahili pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa, haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya wazazi, na wazazi, kama tujuavyo, huipenda timu kwa mdomo zaidi. Ndiyo maana Mwalimu Mushagalusa, fundi cherehani aliyevuka ziwa kutoka Kongo na kujipa mwenyewe kazi ya kufundisha mpira, aliwakusanya siku moja akawaambia kwamba yeye ana mikono miwili tu na watoto ni kumi na wanane.

"Kila muzazi ashike kazi moja," alisema. "Moja tu. Ile ataweza."

Wakashika. Domitille, jirani aliyeolewa na mvuvi, alijitolea kuchemsha maji ya kunywa. Radjabu muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alijitolea kupiga kelele, na lazima nikiri hakukosa kazi hata siku moja. Mwanvua alichukua kushona mipira, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na wembe wake hautoki pindoni mwa kanga. Mumewe Athumani, mpika mawese, akabakiwa na kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuchora mistari ya uwanja.

Aliichora kwa jivu la jiko lake la mawese. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo hamsini, fundo moja kila hatua, na urefu wa kamba hiyo ndio uliokuwa urefu wa uwanja, kutoka goli la upande wa ziwa hadi goli la upande wa michikichi. Kila Jumapili asubuhi aliitandaza, akaifuata na ndoo ya jivu, akihesabu mafundo kwa sauti kubwa kama mtu anayenadi ng'ombe. Watoto waliandamana nyuma yake wakimwigiza. Akifika arobaini alikohoa, kwa ajili ya moshi wa miaka yote ile, kisha akaendelea. Watoto nao walikohoa, wakacheka hadi wakaanguka.

Hayo yalikuwa kabla ya mwezi wa tano wa mwaka wa sabini na mbili.

Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Kisha wakaja askari wa serikali, nao wakaua, na hao walikuwa na malori. Jumapili moja alfajiri Athumani alichukua kamba na ndoo yake. Mwanvua akamuuliza kama ana akili timamu, nani atacheza mpira katika balaa kama hili?

"Hakuna atakayecheza leo," Athumani alimjibu. "Lakini watoto wakikuta mistari watajua kwamba tutacheza tena."

Hakurudi. Kwa siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje, na siku zote tatu mtaa ulisikia malori, na baada ya malori mashine ya kuchimba. Siku ya nne Mwanvua alikwenda uwanjani. Upande wa michikichi udongo ulikuwa mpya, mwekundu, umeshindiliwa kwa magurudumu. Ndoo ilikuwa imelala ubavu. Kamba ilikuwa bado imetandazwa tangu goli la ziwa, imenyooka vizuri kama alivyoitaka siku zote, na ilipofika kwenye ule udongo mpya iliingia chini.

Mwanvua aliivuta. Haikuja. Akaivuta kwa mikono miwili, kisigino amekikita chini, na ndipo alipoelewa ni nani ameishika upande wa pili. Alitoa wembe akaikata pale pale. Nyumbani alihesabu mafundo yaliyobaki, akapata thelathini na manane.

Kulia kulikatazwa. Wanaume waliochukuliwa kwa malori waliitwa wasaliti, na msaliti hawekewi matanga. Mwanvua alimwambia mwanawe Kassimu, mtoto wa miaka tisa, kwamba baba amevuka kwenda Kigoma kuuza mawese. Kassimu alisema, "Sawa, mama," na hakuuliza tena, jambo ambalo lilimpa mama yake nafuu na kumuuma papo hapo. Kitu kimoja tu kilibadilika. Mtoto huyo, aliyekuwa na mbio kuliko wote, alimwomba Mwalimu amfanye golikipa wa upande wa michikichi, na mazoezi yaliporudi hakukubali kubadilishwa upande. Mwanvua aliona ni uvivu wa huzuni.

Mvua ziliporudi, Mwalimu alianza mazoezi tena na wazazi waliosalia. Kazi ya mistari haikuwa na mtu. Mwanvua akaitoa kamba chini ya kitanda. Alihesabu kwa sauti tangu goli la ziwa, akafika thelathini na nane, akasimama, akachora mstari wa goli hapo, na milingoti ikahamishiwa juu yake.

Na alipotaka kugeuka, sauti iliendelea. Thelathini na tisa. Arobaini. Kikohozi. Arobaini na moja. Ilitoka mbele yake, kwenye majani yaliyokuwa yamestawi kuliko ya kwingine kote, na ilikwenda bila haraka mpaka hamsini. Siku ya kwanza Mwanvua hakuogopa. Tuseme kweli, alifurahi, akasimama pale akitabasamu peke yake mpaka Domitille akaja kumshika mkono. Hofu ilikuja baadaye. Alihofia kwamba Kassimu, anayesimama hapo hapo kila jioni, siku moja atasikia, na uongo wa Kigoma hautamfaa tena.

Uwanja ukawa mfupi hivyo. Kila mama aliuona na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa kumi na moja msimamizi mpya wa komini, mkuu wa serikali pale, alitaka watoto wa Rumonge wacheze na watoto wa Nyanza-Lac, watu wote wahudhurie, ionekane kwamba nchi imetulia. Siku ya mchezo alifika mapema, akatembea kutoka goli hadi goli na viatu vyake vyeusi.

"Huu uwanja ni mufupi," alisema. "Nani alipima?"

"Ni mimi, bwana mukubwa," Mwanvua alijibu.

"Leta kamba."

Aliihesabu fundo kwa fundo, kisha akaiinua ile ncha, mahali wembe ulipopita. "Hii imekatwa. Kipande ingine iko wapi?"

Kassimu alikuwa golini, hatua chache tu, ameshika mlingoti kwa mkono mmoja. Mwanvua alijua vizuri kilicho mbele yake. Akisema ukweli, atapakiwa lorini na Kassimu atabaki bila baba wala mama. Akisema kimepotea, mstari utasogezwa hatua kumi na mbili, na watoto kumi na wanane, pamoja na wageni wao, watakanyaga baba zao kwa miguu mpaka jioni.

Domitille aliweka chini sufuria lake la maji.

"Bwana mukubwa, kule nyuma ni kwetu wazazi," alisema. "Tumejitolea kuokota mipira. Tunahitaji pa kusimama."

Akavua kandambili zake, akauvuka mstari, akasimama kwenye majani. Akafuata mke wa Radjabu, yule ambaye kelele za mumewe hazijasikika tangu mwezi wa tano. Akaja mwingine, na mwingine. Walifika wanawake kumi na mmoja, wote wamevua viatu, wote wanamtazama msimamizi usoni. Yeye akatazama miguu yao. Alikuwa mgeni, lakini hakuna mtu Rumonge mwaka ule aliyekuwa mgeni kiasi cha kutojua. Alimrudishia Mwanvua kamba bila kumwangalia.

"Haya, murakoze," alishukuru. "Muokote."

Mchezo ukaanza. Haukupita muda, mtoto mmoja wa Nyanza-Lac alipiga shuti la hasira lililopaa juu ya goli na kuangukia nyuma. Wale kumi na mmoja hawakusogea. Walikuwa wanamwachia Mwanvua.

Alivua viatu akaenda. Alihesabu taratibu tangu thelathini na tisa, na alipofika arobaini akakohoa. Mpira ulikuwa umesimama kwenye arobaini na sita. Aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo, akanong'ona, "Asalaam aleikum, watu wa nyumba hii." Kisha akauokota, akampelekea mwanawe.

Kassimu aliupokea bila kuufuta udongo. Hakumtazama mama yake, alitazama uwanja.

"Umemusalimia?"

"Nani?"

"Baba. Mimi nataka kumusalimia kila siku, lakini golikipa hawezi kuacha goli."

Mwanvua alishika mlingoti. Miezi sita alikuwa amemlinda mtoto huyu, na mtoto naye alikuwa amesimama hapa akimlinda yeye.

"Nimemusalimia, mwanangu," alisema.

"Vizuri." Kassimu aliuweka mpira chini, akarudi nyuma hatua tatu. "Lakini kifua hakijapona, mama. Akifika arobaini bado anakohoa."

Kisha akakimbia, akaupiga mpira kuelekea ziwani.