Ving'amuzi Viwili vya Mzee Phakoe

Mzee Motlalentoa Phakoe wa mtaa wa Thabong, Afrika Kusini, nyuma ya lundo la mchanga wa mgodi, hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hakuwa na kipande cha chini cha pafu la kulia. Hakuwa na meno ya juu isipokuwa mawili, wala mke, kwa kuwa marehemu alikufa mwaka wa mvua ya mawe, wala cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na kaburi la mdogo wake, Sello. Na hadi Jumatatu ya kwanza ya mwezi Mei, mwaka ule wa Kombe la Dunia, hakuwa na king'amuzi kinachorekodi.

Jumatatu hiyo alipata viwili. Kampuni ya televisheni ilikuwa imetangaza kwamba wastaafu wa mtaa ule wangejaribu ving'amuzi viwili kwa siku thelathini, kisha wangerudisha kimoja na kueleza kwa barua sababu za uchaguzi wao. Fundi Mokete, mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, alipanda paani akihema, akaligeuza dishi, akashuka, akavipanga ving'amuzi chini ya televisheni.

"Hiki cha kijivu ni cha picha ya kawaida," alisema. "Hiki cheusi ni cha picha safi. Safi kabisa, mzee. Mchezaji akitokwa na jasho unahesabu matone."

"Kinahifadhi saa ngapi?"

"Nini?"

"Nimeuliza kila kimoja kinahifadhi saa ngapi."

Mokete alimtazama. "Wateja wengine huniuliza kama kuna chenye rangi nyekundu."

"Hao wengine wajibu hayo. Mimi nijibu langu."

Phakoe alikuwa amejifunza kusoma katika bweni la wachimbaji, baada ya zamu, kwa taa ya kichwani. Alitoa daftari, rula, na kalamu mbili, akachora safu tatu. Ya kwanza aliiandika Sifa, ya pili Kijivu, ya tatu Cheusi. Kufikia Jumatano alikuwa amejaza mistari kumi na mmoja. Cha kijivu kilihifadhi saa themanini. Cheusi kilihifadhi mia na hamsini za picha ya kawaida, lakini thelathini tu za picha safi, kwa kuwa picha safi hula nafasi. Rimoti ya cheusi ilikuwa na vitufe vilivyofaa mtu mwenye vidole kumi.

Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi Mama Kopano, mke wa Sello. Kila jioni alikuja kutazama mchezo wake wa kuigiza, akakaa kwenye kiti kilekile, amevaa gauni la maua. Alikuwa amevaa maua kwa miaka ishirini na mitatu kwa sababu Phakoe alimkataza nyeusi. Agosti 1987 Sello alishuka Shimo la Nne la mgodi asubuhi na hakupanda. Siku ya tatu ililetwa karatasi yenye muhuri: S. Phakoe ametoroka kazi. Phakoe aliisoma uani mbele ya ukoo wote, kwanza katika lugha iliyoandikwa, kisha akaitafsiri, kisha akaisoma tena kwa ajili ya waliochelewa. Katika ukoo ule ni yeye peke yake aliyejua kusoma. Mtu aliyetoroka yu hai, alisema, na mke wa mtu aliye hai havai nyeusi. Kwa hiyo televisheni haikufunikwa shuka, kama inavyofunikwa katika kila nyumba ya Thabong yenye msiba, na kioo hakikugeuzwa kitazame ukuta. Hapakuwa na ng'ombe wala uji mchachu wa matanga. Wanawake wa kanisa walimwambia Mama Kopano kwamba Sello ana mwanamke Johannesburg. Baadaye walimtaja hata kwa jina.

Alhamisi Mama Kopano alikuwa na kikao cha kwaya, akamwomba shemeji yake amrekodie mchezo. Phakoe aliurekodi kwa ving'amuzi vyote viwili ili alinganishe. Ijumaa Mama Kopano alikuja na maandazi ndani ya taulo. Phakoe akabonyeza. Mchezo haukuwamo. Alikuwamo Sello.

Alikuwa ameketi juu ya gogo la kutegemezea mwamba, kofia ngumu kichwani, miaka ishirini na tisa, anagonga bomba kwa jiwe. Aligonga mara tatu, akasubiri, akagonga mara tatu. Katika cha kijivu alikuwa na rangi ya majivu kidogo. Katika cheusi vumbi lilionekana kwenye kope.

"Amekonda," alisema Mama Kopano.

"Ni wa kukonda siku zote. Mashavu hayo ni ya mama yetu."

"Na hivyo viatu nilimwambia ni vidogo."

"Hakuwa mtu wa kuambiwa."

Walimtazama kwa nusu saa, muda wa mchezo mzima, wakala maandazi. Kisha Mama Kopano aliinuka, akafungua kabati, akatoa shuka jeupe, akasimama nalo mbele ya televisheni.

"Nifunike, shemeji, au nisifunike?"

Phakoe alifikiri. Desturi ilikuwa wazi kuhusu televisheni ya nyumba yenye maiti. Kuhusu maiti aliyemo ndani ya televisheni hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kumwambia neno. Na huyu alikuwa anagonga.

"Likunje kwanza," alisema.

Fundi Mokete alipopigiwa simu alifika Jumamosi, akatazama, akatikisa kichwa kama mtu anayeona nyaya zilizofungwa vibaya.

"Mahandaki ya Shimo la Nne yanapita chini ya jiko lenu," alisema. "Dishi linanasa kinachokuja, kitoke juu kitoke chini. Barabara ya pili kuna mama anampata baba yake na nyumbu wawili wa mgodini. Naweza kuligeuza lielekee kanisani, lakini mtapoteza na mechi."

"Liache," alisema Phakoe.

"Nyumbu wanaonekana vizuri lakini," alisema Mokete, akala andazi la mwisho.

Phakoe aliongeza mistari katika daftari. Kurudisha nyuma: ving'amuzi vyote viwili, ukishikilia kitufe kwa dakika tano, vilirudi hadi Agosti 1987 na kusimama hapo. Mwamba ulianguka upande wa kulia wa picha. Vumbi likatulia. Msimamizi wa zamu alikuja na taa na wachimbaji sita, akatoa kitabu mfukoni, akaandika. Katika cha kijivu ukurasa ule ulikuwa na kitu kama sisimizi waliopangwa foleni. Phakoe alihamia cheusi, akasimamisha picha, akavaa miwani, akasogeza kiti.

Ilisomeka. Saa 5.10 asubuhi. S. Phakoe. Ametoroka kazi.

Akaiachia picha iendelee. Nyuma ya mawe kulikuwa kunagongwa, mara tatu, kimya, mara tatu. Msimamizi aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaweka nukta mwishoni mwa sentensi. "Fungeni hapa," aliwaambia wachimbaji, na wakaleta mbao.

Phakoe alimsomea Mama Kopano maneno yale kwa sauti.

"Ile ya kwanza uliisoma mara mbili," alisema Mama Kopano.

"Ilikuwa na muhuri."

"Muhuri niliuona. Huo tu ndio nilioweza kuusoma."

Phakoe alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Kavae nyeusi kesho," alisema. "Ukoo nitaueleza mwenyewe. Nitasema kosa lilikuwa langu."

Mama Kopano aligeukia televisheni. Jiwe liligonga bomba.

"Nitavaaje nyeusi, shemeji, na mtu bado anagonga?"

Hakuivaa. Aliendelea kuja, sasa tangu asubuhi, na kazi yake ya kushona mapajani. Siku moja kabichi iliungua jikoni. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha picha ili asipitwe na kitu, akakimbia. Aliporudi alisahau kukiachia. Baada ya muda king'amuzi kilijiachia chenyewe, na Sello alikuwa ndiyo kwanza anainua kichwa kutoka kwenye mkono wake. Shavuni alikuwa na alama ya mkunjo wa koti. Alipiga miayo, akatafuta jiwe, akaanza kugonga.

"Alilala," alisema Mama Kopano.

Phakoe alikwishachukua rula. Walipima siku nzima. Cheusi, kwa sababu ya uzito wa picha yake, kilisimama dakika thelathini kisha kikaendelea, upende usipende, na hakikukubali tena mpaka saa moja ipite. Cha kijivu kilisimama dakika mia na ishirini, na kilikubali tena papo hapo. Katika mstari wa Kusimamisha, Phakoe aliandika tarakimu hizo kwa kalamu nyekundu.

Siku ya ishirini na moja alivaa koti la kanisani, akakifunga cheusi ndani ya blanketi lake, akaenda nacho Welkom, katika ofisi ya kumbukumbu za migodi iliyofungwa. Karani alikuwa Bwana Oosthuizen, mzee mwenye adabu, soksi ndefu na fulana ya sufu. Alimkaribisha kahawa. Alileta televisheni ya chumba cha mikutano kwenye meza ya magurudumu na kuchomeka waya mwenyewe, kisha akatazama mwanzo hadi mwisho bila kuangalia saa.

"Picha nzuri sana," alisema. "Ya nyumbani kwangu haifikii hapa."

"Soma kitabu hicho," alisema Phakoe.

Oosthuizen alisoma. Aliinuka, akaleta faili, akaiweka kando ya skrini, akalinganisha. "Mwandiko ni wa msimamizi, hilo silikatai. Na alichokiandika pale ndicho kilichomo humu, neno kwa neno, hata nukta. Kwa hiyo faili iko sahihi, mzee wangu."

"Mtu anagonga nyuma ya mbao. Unamsikia."

"Namsikia."

"Basi hakutoroka."

"Kanuni ni moja tu." Oosthuizen aliisoma kwa upole, akiifuata kwa kidole. "Aliyeandikwa kuwa ametoroka ataondolewa katika orodha ya watoro akifika mwenyewe langoni, mwanzo wa zamu, na kitambulisho chake."

"Lango lilibomolewa miaka kumi na moja iliyopita."

"Ndiyo. Hilo limetuchelewesha katika kesi nyingi."

Alimjazia kahawa tena. Kisha alikifunga king'amuzi ndani ya blanketi kwa uangalifu, akaingiza ncha za kitambaa chini ili waya zisining'inie, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Phakoe alipofika nyumbani Mama Kopano hakuuliza. Alikuwa ameketi mbele ya cha kijivu, picha imesimama, Sello ameinua jiwe na hajalishusha.

"Amelala tangu saa nane," alisema kwa sauti ya chini.

Zilibaki siku tisa. Dishi moja lingekubali king'amuzi kimoja tu baada ya siku za majaribio, Fundi Mokete alikuwa ameeleza, na hata angetaka kuwafanyia hisani, kadi ya king'amuzi cha pili ingejizima. Phakoe alifungua daftari mezani. Mistari ilikuwa ishirini na minane. Katika ishirini na mitano cheusi kilishinda.

"Cheusi ndicho chenye ushahidi," alisema.

"Ushahidi bwana yule ameuona. Alisemaje?"

Phakoe aliinyoosha rula juu ya daftari.

"Shemeji, alisemaje?"

"Alisema picha nzuri."

"Hata mimi naona nzuri." Mama Kopano aling'ata uzi. "Lakini nusu saa si usingizi. Hata mtoto mchanga humpi nusu saa ukasema amelala."

"Na wewe utakaa hapo kubonyeza kila baada ya saa mbili? Mpaka lini?"

"Wewe una kazi gani? Tutapokezana."

Siku ya thelathini Mokete alikuja kuchukua kimoja. Alipoonyeshwa cheusi alishangaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. "Mzee, mtaa mzima wanakipigania hiki! Kombe la Dunia limebaki siku chache."

"Kichukue. Kilichomo ndani kinakwenda wapi?"

"Hufutwa. Mteja anayefuata anataka kianze kitupu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, baba."

Phakoe alishika kingo za king'amuzi kwa vidole vyake vinane, akakisukuma kwenye meza mpaka upande wa Mokete. Mokete alikitia katika mfuko wa plastiki. Nje mtu aliimba na mbwa akabweka, na chumbani cha kijivu kilimaliza muda wake. Jiwe likagonga mara moja kabla Mama Kopano hajakifikia kitufe.

Asubuhi iliyofuata Phakoe aliandika barua. Aliandika rasimu kwanza, akasahihisha, kisha akanakili kwa wino wa bluu:

"Kwa Meneja. Baada ya kulinganisha ving'amuzi vyenu viwili kwa siku thelathini, nathibitisha kwamba cheusi ni bora kwa usafi wa picha, sauti, nafasi na urahisi wa kutafuta vipindi. Maandishi madogo yanasomeka. Hata hivyo nimechagua cha kijivu. Sababu ni kwamba kinasimama muda mrefu zaidi. Kama siku moja mtatengeneza kinachosimama bila kuendelea tena, tafadhali nijulisheni kwa anwani iliyo hapo juu. Wako mtiifu, M. Phakoe."

Alimsomea Mama Kopano.

"Isome tena," alisema Mama Kopano.

Aliisoma tena. Mama Kopano alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akaitazama saa ya ukutani, akabonyeza. Phakoe alikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akalamba ukingo, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Kisha alivaa kofia, akatembea hadi posta, akapanga foleni nyuma ya watu saba.

"Kuna kitu cha thamani ndani?" aliuliza binti wa dirishani. "Tukisajili."

"Hapana," alisema Phakoe. "Ni maoni kuhusu televisheni."

Binti akapiga muhuri, akaitupa katika gunia.