Dada Yangu Aliyejifunza Watu

Pale Mangere, hapa Auckland, ukiuliza nani akuongozee sherehe yako, iwe harusi, ubatizo au Jumapili ya Watoto, utatajiwa Fuatino kabla hujamaliza swali. Ni dada yangu wa tumbo moja. Ana sauti nene na utani mwepesi, na anaweza kumtania mzee mwenye cheo mbele ya mkewe, mzee akacheka mpaka akaomba maji. Kwa hiyo siku tuliporudi kutoka kwa daktari akatangaza nyumbani kuwa amekutwa na usonji, mama yetu alishika kiuno.

"Nani ana usonji?"

"Mimi, Mama."

"Wewe? Wewe uliyeanza kusema kabla ya kutembea? Huyo daktari alikuwa anamwangalia nani?"

Mambo yalianzia kwenye msiba wa baba. Kwetu Wasamoa msiba ni kazi, na Fuatino ndiye aliyeibeba. Mikeka ya heshima ilipoletwa alijua upi umetoka ukoo gani na ushukuriwe kwa maneno yapi. Hakuna mgeni aliyekaa pasipo pake wala aliyeondoka bila chakula. Alimzika baba kwa heshima mpaka watu wa Samoa wenyewe, waliokuja kwa ndege, wakasema huku Auckland bado kuna wanaojua mila.

Wageni walipoondoka, shemeji yangu Viliamu akanipigia simu. "Sieni, njoo. Dada yako haongei."

Nilimkuta kwenye banda la gari, amekaa ndani ya gari, blanketi kichwani. Hilo halikunishtua. Kila baada ya shughuli Fuatino alikuwa na kawaida ya kujifungia mle, na sisi tukapaita kanisa lake dogo, tukidhani anasali. Safari hii alitoka, akala, akalala, ila sauti haikurudi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Kule kwenye nyumba ya wazee, anakowaimbisha na kuwachezesha vikongwe, wakaanza kuulizana kama naye kafa.

Daktari wa kwanza alisema ni huzuni, akampa vidonge. Vidonge vilimletea usingizi, maneno hayakuja. Ndipo akatumwa Manukau kwa Daktari Wetere, mama wa Kimaori mwenye mvi na subira. Nilimsindikiza kila mara. Polepole sauti ikaanza kurudi, na maswali nayo yakaongezeka: alipokuwa mtoto alicheza na nani, nguo gani zilimuwasha, kelele zilimfanyaje. Siku Daktari Wetere alipolitaja lile neno, Fuatino aliangua kicheko.

"Daktari, usonji ni binamu yangu Ropati. Hamtazami mtu usoni, na basi likipita anakwambia limetengenezwa mwaka gani. Mimi hata alama za voliboli nahesabu vibaya. Tena mtoto wa jirani akijikwaa, mimi ndiye ninayelia!"

"Ropati ni Ropati," Daktari akasema. "Nakuuliza wewe. Hicho kicheko ulichocheka sasa hivi, ulikipata wapi?"

Fuatino aliacha kucheka. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo, isiyo na mapambo: "Ni cha shangazi Palepa."

Ndipo akaeleza. Utotoni wenzake walikuwa wakimcheka kwa sababu alicheka amechelewa, tena kwa sauti ya ajabu. Akajifungia bafuni akakifanyia mazoezi kicheko cha Palepa mpaka kikamkaa. Kukumbatia watu alijifunza kwa mama mchungaji. Muda wa kumshika mfiwa mkono aliupata kwa kuwachungulia akina mama msibani. Utani wake wote huutunga mapema, akaujaribu garini kwa sauti tatu tofauti.

"Kwenye shughuli zenye taratibu nina raha," alisema. "Kila mtu ana mahali pake na maneno yake. Taabu ni baadaye, watu wakisimama na vikombe vya chai, kila mtu anasema lolote linalomjia. Pale ndipo ninapozama."

Nilimsikiliza huyu mtu niliyelala naye mkeka mmoja utoto wangu wote, nikajiona kama ndiyo kwanza natambulishwa kwake. Mambo ambayo mimi nilipewa bure, kama meno, yeye aliyapata kwa jasho, moja moja, na akayafahamu kuliko mimi.

Lakini mwenyewe hakuona cha kusifiwa. Nyumbani aliitoa habari ile kama mzaha, na Mama alipobisha, akaupenda ubishi wa Mama. Akakataa kurudi kwa daktari. "Mwanamke mzima, mama wa watu, nianze leo kuitwa jina jipya?" Hata Mama alipokuwa akimuunga mkono, ukweli ulimponyoka Fuatino. Tulikuwa mezani jikoni.

"Wenye usonji hawaangalii watu machoni," Mama akasema. "Wewe unaniangalia tangu unanyonya."

"Naangalia nyusi, Mama."

"Nyusi?"

"Wako wa kushoto. Una kovu. Machoni kunaniunguza."

Mama akaugusa unyusi wake kama anayeangalia kama bado upo. "Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Mama akacheka mpaka akajifuta kwa aproni. Halafu kicheko kikakatika. "Ndiyo maana ulikuwa unakata lebo za nguo zako zote," akasema polepole. "Na mimi nikakuchapa."

Alimsogezea Fuatino sahani ya magimbi, akaenda kusimama dirishani.

Jumamosi moja nikawakuta dada na shemeji uani. Viliamu alikuwa anamenya ndizi za kuoka, Fuatino analia bila kujificha.

"Kicheko ni cha Palepa," alikuwa akisema. "Kukumbatia ni kwa mama mchungaji. Mimi mwenyewe niko wapi? Wewe umeoa nani?"

Viliamu si msemaji. Alimaliza ndizi aliyoishika kwanza. "Nimemuoa aliyevikusanya. Palepa kafa, na kicheko chake tungekizika naye. Wewe umekitunza." Akachukua ndizi nyingine. "Na yule wa chini ya blanketi, huyo pia nimemuoa. Ile chai ninayoiacha juu ya boneti kila ukijifungia, ulidhani nawapelekea paka?"

Fuatino alimtazama mumewe, akasahau kulia. Wiki iliyofuata akaniomba nimpeleke tena kwa Daktari Wetere.

Jumapili ya Watoto ikafika, mwezi wa kumi, na kama kawaida kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Watoto wamevaa nyeupe, kila mmoja na aya yake moyoni, na ukumbi umejaa hadi mlangoni. Mafundi walikuwa wamefunga spika mpya zilizopiga yowe kila mtoto alipozisogelea. Wanawake walimkumbatia akipita, manukato juu ya manukato. Alichekesha, akawatuliza waliosahau aya, akamshangilia mdogo aliyelia badala ya kusema. Mimi peke yangu niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kukibana kipaza sauti.

Zamani angevumilia hadi mwisho, kisha akaugua wiki nzima. Safari hii alimshukuru mtoto aliyemaliza, akatugeukia.

"Ndugu zangu, daktari ameniambia nina usonji. Mlidhani naongea sana kwa kukosa haya, kumbe nilikuwa kazini. Sasa nimechoka. Nakwenda kukaa garini, nitarudi kabla nguruwe hajapoa. Sieni ataendelea."

Watu wakacheka, wakingoja sehemu ya pili ya utani. Kisha wakamwona anatoka kweli. Minong'ono ikaanza. Nyuma yetu Misiluki, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Usonji gani huo? Mtu anaongea kama redio!"

Mama akageuka. "Redio nayo huzimwa, Misiluki, betri isije ikafa."

Akachukua mwamvuli, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya gari kwenye manyunyu, na kila shangazi aliyekuja na mikono wazi alirudishwa. "Mwacheni! Maombi yafanyieni hukohuko ndani, Mungu anasikia."

Mimi niliongoza vibaya. Nilichanganya majina ya mapacha, nikamruka mtoto wa mchungaji, nikasema utani ambao haukumchekesha hata Viliamu. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kile kipaza sauti, na kwamba dada yangu alikuwa amekibeba huku kila sauti mle ndani ikimchoma.

Alirudi kabla ya wimbo wa mwisho, nywele zimelowa kidogo, uso umetulia. Kabla hajashika chochote aliomba spika zipunguzwe. Mchungaji aliinuka mwenyewe akazipunguza. Kisha Fuatino akamwita mtoto niliyemruka, yule wa mchungaji, akamwomba radhi kwa niaba yangu, na ukumbi mzima ukanicheka. Nilistahili.

Baadaye alirudi kazini, kwenye nyumba ya wazee. Alimwambia msimamizi kwamba nyimbo na michezo ataongoza, ila chai ya pamoja ya wafanyakazi asimtegemee. Msimamizi akasema sawa, kama vile ameombwa ufunguo wa stoo. Mama naye amekuwa mbaya zaidi. Sokoni Otara anawasimamisha wauza mboga: "Wengine wanasomea udaktari. Binti yangu alisomea watu, na hakuwa na mwalimu!"

Na Jumamosi iliyopita Misiluki alibisha hodi mlangoni kwa Fuatino, bila kofia yake ya kanisa, bila ile sauti ya kwanza.

"Dada Fuatino," akasema, "binti yangu mkubwa, kila baada ya harusi hujifungia chooni mpaka twende nyumbani. Namgombeza. Sijui kama nafanya vizuri."

Fuatino hakumkumbatia, wala hakutunga utani.

"Mlete," akamwambia. "Ila mwambie mapema kwamba hapa halazimiki kuongea."